Hospitali ya maveterani iko saa tano kutoka nyumbani: mume wangu atatibiwaje?

SWALI: Mume wangu ni mzaliwa wa Voi. Aliingia jeshi la Marekani mwaka 2009, akapelekwa Kandahar, Afghanistan, 2011, akaacha jeshi 2013. Tunaishi kaskazini mwa jimbo la Maine, kaunti ya Aroostook, dakika hamsini kwa gari kutoka Caribou. VA, idara ya serikali ya wastaafu wa jeshi, imempa asilimia 10 ya ulemavu kwa mlio wa masikioni, basi. Goti linamsumbua, kifua kinambana akipanda ngazi, na usiku halali. Kila akipangiwa miadi ni hospitali ya VA ya Togus, karibu saa tano kwenda tu. Miadi miwili iliangukia siku za theluji, tukaikosa. Sasa ni mwaka mmoja na miezi minane hajaonana na daktari yeyote wa VA. Anasema potelea mbali, tutarudi zetu Voi atibiwe huko. Je, kuna njia ya kutibiwa karibu? Na tukirudi Kenya, VA itamfuata? Mama Baraka.

JIBU: Dada yangu Mama Baraka, nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika zaidi ni hilo neno la shemeji, "potelea mbali", kuliko hata goti na kifua. Kwa miaka niliyosaidia wanajeshi wastaafu kujaza fomu na kufuatilia madai yao, nimelisikia neno hilo kwa Kiingereza, kwa Kihispania na kwa Kiswahili. Wanaolisema hawajakata tamaa na matibabu. Wamechoka na barabara.

Nikujibu bila kuzunguka. Njia ya kutibiwa karibu ipo, nayo ni haki iliyoandikwa kwenye sheria, si hisani ya mtu. Ila haiji yenyewe, lazima iombwe kwa utaratibu wake. Na Kenya VA itamfuata, lakini kwa yale tu iliyokwisha kukubali kwa maandishi kwamba yametokana na jeshi. Kwa leo hayo ni masikio peke yake. Kwa hiyo akirudi Voi kesho, goti, kifua na usingizi vitakuwa mzigo wa mfuko wenu.

Kabla ya yote kuna jambo la saa. Umesema mwaka mmoja na miezi minane. VA ina kanuni inayohesabu miezi 24. Mwanajeshi mstaafu aliyejiandikisha anaweza kwenda kliniki ya haraka ya mtaani iliyo kwenye mtandao wa VA, kwa homa, kidonda au mguu uliotenguka, bila kuomba ruhusa kwanza, mradi awe amehudumiwa na VA, au na daktari aliyelipwa na VA, ndani ya miezi 24 iliyopita. Kanuni hiyohiyo inagusa bili nyingi za dharura zisizohusiana na majeraha ya jeshi. Yaani mmebakiwa na miezi minne. Ikipita, siku akianguka kwenye barafu na kuvunjika mkono, bili inaweza kuja kwa jina lenu. Basi jambo la kwanza, hata kabla ya kumaliza kusoma haya, ni kupiga simu na kuomba miadi kliniki ya VA ya Caribou. Nasema Caribou, si Togus.

Hapo kwenye Caribou nataka nikae kidogo, maana nadhani hakuna aliyewaeleza mahali mnapoishi pana historia gani. Togus ni kituo kikongwe kuliko vyote vya aina yake Marekani. Kilifunguliwa 1866, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuwa makao ya askari waliolemazwa, kwenye eneo lililokuwa hoteli ya mapumziko yenye chemchemi. Ndiyo hospitali pekee ya VA katika jimbo zima. Kutoka Caribou hadi huko ni kama maili 250, na watu wa Aroostook wamezisafiri maili hizo kwa vizazi, pamoja na wagonjwa wa moyo na waliokatwa miguu. Walilalamika mpaka wakapata kliniki ndogo ya VA Caribou, pale pale kwenye hospitali ya mji. Kisha mwaka 2011 serikali ilipotaka kujaribu kuwalipia wastaafu wa vijijini watibiwe na madaktari wa karibu nao, ilichagua sehemu tano nchi nzima, na Caribou ilikuwa mojawapo. Mwaka 2014 ikafumuka kashfa ya Phoenix, Arizona, ambako majina ya wagonjwa waliosubiri yalikuwa yakifichwa, na Bunge likatunga sheria ya kuwaruhusu wengi zaidi watibiwe nje ya VA. Mwaka 2018 ikaja sheria inayoitwa MISSION Act, iliyoanza kutumika Juni 6, 2019, na ndiyo mnayosimama juu yake leo. Shemeji asione haya kuitumia. Waliompigania ni majirani zake.

Sheria hiyo inapima hivi. Kwa daktari wa kawaida na kwa matibabu ya akili, kama wastani wa mwendo wa gari kutoka nyumbani hadi kituo cha VA chenye huduma hiyo unazidi dakika 30, au kusubiri kunazidi siku 20, mgonjwa anaweza kuchagua daktari wa nje na VA ikalipa. Kwa daktari bingwa, kama wa mifupa au wa mapafu, kipimo ni dakika 60 za mwendo au siku 28 za kusubiri. Ninyi mko dakika 50 kutoka Caribou, kwa hiyo kwa daktari wa kawaida mmeshavuka. Bingwa wa mifupa aliye karibu zaidi katika VA yuko Togus, kwa hiyo hapo mmevuka mara nne na zaidi.

Dakika hizo huhesabiwa na programu ya VA yenyewe. Saa ya gari lako haihusiki, na programu hiyo haijui kwamba Januari barabara ya kwenu ni kioo. Ikitokea karani akasema kwa hesabu zake hamjafika, msikate simu. Kuna mlango mwingine: daktari wa VA na mgonjwa wakikubaliana kwamba kutibiwa nje ndiyo maslahi yake ya kiafya, inatosha. Kanuni inataja waziwazi mambo ya kuangalia, yakiwemo umbali uliopita kiasi, hali ya hewa ya hatari, ugonjwa unaomzuia kusafiri, na kama anahitaji mtu wa kumsindikiza. Tangu Mei 2025 uamuzi huo hauhitaji tena daktari wa pili wa VA wa kuukagua. Mwambie shemeji aziseme siku zile mbili za theluji kwa tarehe zake. "Tulikosa miadi kwa sababu barabara zilikuwa mbaya" ni maneno yanayostahili kuandikwa kwenye faili, na yasipoandikwa, faili litaonyesha tu mgonjwa asiyefika.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndipo watu wanapoumia. Haki ya kutibiwa nje haimaanishi kujiendea. Lazima rufaa itoke VA kwanza, na kibali kifike kabla ya kumwona daktari. Nilikaa jikoni kwa mzee mmoja aliyepigana Vietnam, mezani kaweka bahasha tatu. Alikuwa amesikia kwamba sasa VA inalipia hospitali za mtaani, akaenda mwenyewe kupigwa picha ya mgongo. Bahasha mbili zilikuwa bili. Ya tatu ilikuwa barua ya kibali kutoka VA, iliyofika wiki tatu baadaye, yenye tarehe ya kuanza ambayo ilikuwa baada ya siku aliyopigwa picha. Haki alikuwa nayo kabisa, alikosea mpangilio tu, na pesa zile hazikurudi. Kwa hiyo barua ya kibali ikija, isomeni kama mnavyosoma hati ya shamba: namba ya kibali, tarehe ya kuanza na ya kuisha, aina ya matibabu, na ziara ngapi. Daktari wa nje akitaka jambo lisiloandikwa humo, kama upasuaji au mazoezi ya viungo, yeye ndiye anayeomba VA iongeze, na mnasubiri jibu kabla ya kuendelea.

Ofisi inayoshughulikia vibali hivi ndani ya VA inaitwa Community Care. Litajeni jina hilo kwenye simu, mtapelekwa mahali pake. Daktari akishaandika rufaa, mwulizeni ameiandika tarehe gani, muiandike mahali. Wiki mbili zikipita kimya, pigeni. Mkizungushwa sana, kila hospitali ya VA ina mtetezi wa wagonjwa, mtu ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko na kuyafuatilia. Kumpigia si ugomvi. Sisi tuliolelewa kuheshimu ofisi tunaona vibaya kusumbua, lakini mfumo huu umejengwa kwa wanaouliza.

Utaniuliza: kama tuna haki ya daktari wa kawaida wa nje, kwa nini nakwambia uanze na kliniki ya VA ya Caribou? Kwa sababu ya uzoefu wa macho yangu. Sheria inaweza kukupa haki ya daktari wa nje, lakini haiwezi kumzaa daktari huyo katika kaunti ya mashamba ya viazi. Wataalamu wa akili ni wachache huko, na hao waliopo wana foleni ya raia wote. Tena daktari wa mtaani anayeona askari mmoja kwa mwezi hawezi kujua kumwuliza kuhusu moshi wa taka zilizochomwa kambini Kandahar. Daktari wa VA atauliza, ni kazi yake, na ndiye anayeandika rufaa. Mimi ningeshika Caribou kwa daktari wa kawaida, dakika hamsini mara chache kwa mwaka zinavumilika, halafu goti na mapafu ningeombea kibali kwa mabingwa wa karibu. Kila anapotibiwa nje, aombe nakala ya majibu na picha, ampelekee daktari wa Caribou. Karatasi za hospitali hupotea njiani kuliko barua za posta. Dawa nazo huletwa nyumbani kwa posta. Aagize upya wiki mbili kabla hazijaisha, na majira ya theluji azidishe.

Safari ya Togus ikilazimu, gharama yake ina fidia. VA hulipa senti 41.5 kwa maili. Kutoka Caribou kwenda na kurudi ni maili kama 500, yaani dola 207.50, wanakata dola 6 kwa safari ya kwenda na kurudi, na makato ya mwezi hayazidi dola 18. Dola mia mbili ni petroli, chakula na zaidi. Lakini madai lazima yaingie ndani ya siku 30 tangu siku ya miadi. Nimeona mtu mwenye risiti za mwaka mzima kwenye kopo la biskuti, kila moja imekunjwa vizuri, na karibu zote zimepitwa na wakati. Tena si kila mmoja analipwa. Mwenye asilimia 30 au zaidi hulipwa kwa safari yoyote ya matibabu yaliyokubaliwa. Mwenye chini ya hapo, kama shemeji, hulipwa akienda kutibiwa ugonjwa ule uliokubaliwa, au kama kipato cha nyumba ni kidogo. Ukienda maili 50 au zaidi unaweza pia kuombewa malazi. Na kwa asiyeweza kuendesha, kuna magari ya DAV, chama cha wastaafu wa jeshi wenye ulemavu, yanayoendeshwa na madereva wa kujitolea, wengi wao wastaafu wenyewe. Mnaweka nafasi siku kadhaa kabla, na mgonjwa awe anaweza kupanda mwenyewe.

Tuje kwenye usiku. Umeandika maneno matatu tu, "na usiku halali", kisha ukaendelea na Togus. Mimi ningeyaweka mbele ya goti.

Kwa jambo hili hamhitaji rufaa wala asilimia. Kuna vituo vinavyoitwa Vet Center, vilivyoanzishwa 1979 kwa ajili ya waliotoka Vietnam, na leo vinapokea yeyote aliyetumikia eneo la vita. Kandahar ni eneo la vita. Kimoja kipo huko kaskazini mwa Maine. Ushauri ni bure, mke anakaribishwa, hata watoto, na kumbukumbu zao hazichanganywi na za hospitali. Hata mtu ambaye hajajiandikisha VA anaingia. Kwa mwanamume aliyelelewa Taita, anayeona kwamba kwenda kwa daktari wa akili ni kuitwa mwendawazimu, nimeona mlango huu ukiwa mwepesi zaidi. Anakaribishwa kahawa, na mara nyingi anayemkaribisha alivaa buti kama zake.

Pili, matibabu ya akili ndiyo yanayofaa zaidi kwa video. Tangu 2018 daktari wa VA anaruhusiwa kumtibu mgonjwa aliye jimbo lolote, kwa hiyo mshauri wa Boston anaweza kuzungumza naye akiwa sebuleni kwenu, theluji inaanguka nje, na hakuna aliyewasha gari. Kama intaneti yenu ni mbovu au hamna kifaa, mwambieni daktari. VA huazimisha tableti yenye intaneti yake kwa wanaohitaji. Na pale isiposhika kabisa, simu ya kawaida inakubalika. Goti halipimwi kwa video, lakini ndoto mbaya na hasira zinazungumzika.

Tatu, nakuuliza kama ndugu: nyumbani kuna bunduki? Huko kwenu kuwinda ni maisha ya kila siku, na silaha karibu na mtu asiyelala ni jambo la kuliangalia. VA hutoa vifuli vya bunduki bure, ukiomba unapewa, huulizwi maswali mengi. Akifika mahali pa kuzungumzia kufa, piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote, hata wewe mke unaweza kupiga kwa niaba yake. Tangu Januari 17, 2023, mwanajeshi mstaafu aliye katika hatari ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote ya dharura, ya VA au isiyo ya VA, bila malipo, hadi siku 30 za kulazwa na siku 90 za kutibiwa akitokea nyumbani. Umbali wa Togus hauna maana usiku huo, nendeni hospitali iliyo karibu. Kwa dharura nyingine pia, kama kifua kikimbana ghafla, kimbilieni ya karibu kwanza, kisha VA iarifiwe ndani ya saa 72 kwa namba 844-724-7842. Namba hiyo ibandikeni mlangoni mwa jokofu leo.

Sasa asilimia. Mlio wa masikioni, hata ukiwa mkali namna gani, VA huupa asilimia 10, haizidi. Ina maana shemeji hakudhulumiwa kwa hilo. Ila mengine hakuyadai kabisa, na asiyedai hapewi. Kifua chake ndicho ningeanza nacho. Sheria ya PACT ya Agosti 10, 2022 inahusu wale waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, ambako plastiki, mafuta, betri na kila uchafu ulichomwa kwa petroli ya ndege. Kwa aliyetumikia Afghanistan baada ya Septemba 11, 2001, magonjwa kadhaa yanahesabiwa moja kwa moja kuwa yametokana na utumishi: pumu iliyogunduliwa baada ya jeshi, mkamba sugu, uvimbe sugu wa pua, na mengineyo. Hatakiwi kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomdhuru. Anatakiwa kuwa alikuwepo, na kuwa daktari amempima na kuupa ugonjwa jina. Jina hilo hana mpaka aende apimwe mapafu. Kwenye miadi ya Caribou aombe pia uchunguzi wa sumu alizovuta. Ni maswali ya dakika chache na hufanyiwa kila aliyejiandikisha.

Goti lina njia ndefu kidogo, maana lazima lionekane lilianzia jeshini. Atafute kwenye karatasi zake za jeshi siku aliyokwenda kwa daktari wa kambi, au rafiki waliokuwa kikosi kimoja aandike alichokiona. Kwa usingizi na hofu, shahidi mkubwa ni wewe. VA inapokea maelezo ya mke, kuna fomu yake, na nimeona maelezo ya aina hiyo yakipindua dai lililokuwa limekaa vibaya. Usiandike "mume wangu ana msongo wa mawazo", hayo ni maneno ya daktari. Andika ulichokiona: anaamka saa tisa usiku, anakwenda kujaribu kitasa cha mlango wa nyuma, kisha wa mbele, kisha anarudi kukaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. Andika mara ngapi kwa wiki. Andika kwamba hakai mkahawani akiupa mlango mgongo, kama ndivyo alivyo. Kiingereza chako cha kawaida kinatosha, hakuna anayesahihisha sarufi.

Kabla hajakusanya hayo yote, awasilishe kwanza taarifa ya kusudio la kudai. Ni fomu fupi, namba yake 21-0966, na inashikilia tarehe kwa mwaka mzima. Dai likikubaliwa miezi kumi baadaye, malipo yanahesabiwa tangu siku ya taarifa hiyo. Akiitwa kwa uchunguzi wa dai, asikose hata siku moja, na kama barabara ni mbaya apige simu kabla ya miadi. Kukosa bila taarifa ndiko kunakoua madai ya watu wa mbali.

Akifika asilimia 30, fidia huongezwa kwa ajili ya mke na watoto, na safari zote za matibabu zinalipiwa. Akifika 50, hachangii tena gharama za dawa za VA. Msilipe mtu kwa kazi hii. Kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu wapo wanaojitangaza kwamba watakupandishia asilimia kwa kukatiwa sehemu ya fidia. Sheria hairuhusu mtu kutoza pesa kwa kuandaa dai la kwanza. Vyama vya wastaafu vya DAV, American Legion na VFW vina watu waliothibitishwa na VA wanaoifanya kazi hiyo bure, na ofisi ya jimbo la Maine ya wastaafu wa jeshi ina tawi Caribou.

Kuhusu Voi. Fidia ya ulemavu hulipwa popote mtu alipo duniani, hilo lisiwatie wasiwasi. Matibabu ni jambo jingine. Nje ya Marekani na maeneo yake VA ina kliniki moja tu, iko Manila, Ufilipino. Mahali pengine pote, Kenya ikiwemo, kuna mpango uitwao Foreign Medical Program. Anajiandikisha, anatumiwa barua yenye orodha ya magonjwa yake yaliyokubaliwa, anakwenda hospitali anayoitaka, Voi, Mombasa au Nairobi, analipa, kisha anatuma bili yenye maelezo ya ugonjwa, huduma na kiasi, naye anarejeshewa. Muda wa kutuma ni miaka miwili. Kilicho kwenye orodha kinalipwa, kisichokuwemo hakilipwi, na posta ya dawa ya VA haivuki bahari. Mkirudi leo, orodha ya shemeji itakuwa na mstari mmoja: mlio masikioni. Mkirudi baada ya madai kukubaliwa, inaweza kuwa na mapafu, goti na usingizi. Kwa mengine yote, malaria, sukari, presha, atahitaji bima ya huko, na kwa Mkenya hiyo ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwingine ataliona hili ni sababu ya kutorudi kabisa. Mimi silioni hivyo. Kwetu ni kwetu, na mtu akitaka kuzeekea kwenye hewa ya Taita sina neno. Nasema tu rudini na orodha ndefu.

Ukipiga simu Caribou, sema hivi: mume wangu ameshajiandikisha VA, ni miezi ishirini hajaonwa, nataka miadi ya daktari wa kawaida, na siku hiyohiyo uchunguzi wa sumu na kipimo cha mapafu kama kinapatikana. Uliza pia namba ya Vet Center. Makarani wengine hawatazungumza nawe bila idhini yake, kwa hiyo piga akiwa ameketi hapo karibu, aseme jina lake na kwamba anakuruhusu, halafu mwache anywe chai yake wewe uendelee.